Mshipi Mbele ya Jumba la Mfalme

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, katika mji wa Stockholm ulio mji mkuu wa Sweden, tulimkuta mzee amesimama juu ya ukingo wa mawe, kofia ya sufu imemfunika masikio, akirusha mshipi majini. Mbele yake, ng'ambo ya mkondo, lilisimama jumba la mfalme. Kuliani kwake, juu ya kisiwa kidogo, palikuwa na jumba la Bunge. Nyuma yake walipita makarani waendao kazini, shingo zao zimezama ndani ya makoti. Askari wawili walipita pia, wakamtupia jicho, wakaendelea na safari yao. Hapakuwa na aliyemwuliza kibali, kwa sababu hapo alipo kibali hakihitajiwi.

Sisi tuliotoka visiwani tulilitazama jambo hilo kwa mshangao, na hatuoni haya kukiri. Katika miji mingi tuijuayo, mtu akisimama na fito mbele ya ikulu yamkini asipate nafasi ya kumaliza maelezo yake. Basi tuliona yafaa kuuliza ni kwa njia gani mvuvi wa kando ya maji alipata haki hiyo katikati ya mji mkubwa, na imemfaa nini. Jibu tulilolipata lina upande wa furaha na upande wa majonzi, nasi tumeona tuwaandikie wasomaji wetu yote mawili.

Yafaa kwanza ieleweke mji wenyewe ulivyo. Stockholm umejengwa juu ya visiwa 14, mahali ambapo ziwa kubwa liitwalo Mälaren linamwaga maji yake katika bahari ya Baltiki. Ziwa limeinuka juu ya bahari kiasi cha chini ya mita moja tu, na maji hushuka kwa kasi kupita chini ya madaraja, kati ya Bunge na jumba la mfalme. Bahari yenyewe si bahari kama yetu. Maji ya Bahari ya Hindi yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Katika visiwa vya Stockholm chumvi ni gramu 5 au 6 hivi. Kwa ajili hiyo samaki wa ziwani na samaki wa baharini huishi pamoja, jambo ambalo mvuvi wa Pemba au wa Lamu akisimuliwa atadhani anafanyiwa mzaha. Nje ya mji, kuelekea mashariki, vimetawanyika visiwa na miamba ipatayo 30,000, vingine havitoshi hata kufunga mashua.

Haki ya kuvua katika mkondo huo ni ya zamani mno. Mwaka 1636, wakati Malkia Kristina alipokuwa bado mtoto na nchi ikiendeshwa na baraza la wakuu wake, mji ulipewa hati ya haki zake, na miongoni mwa haki hizo wenyeji walipata ruhusa ya kuvua katika mkondo bila ya malipo. Wafalme wamepita, vita vimepita, mji umejengwa kwa mawe na kisha kwa chuma na vioo, na ruhusa hiyo ingalipo. Zamani zilikuwapo mashua zenye wavu mkubwa wa duara, ulioteremshwa na kuinuliwa kwa mtambo wa mti, nazo zilionekana mbele ya jumba la mfalme mpaka katika karne iliyopita. Leo aliyebaki ni mtu wa mshipi.

Samaki aliyemtoa mzee yule kitandani alfajiri ile huitwa na Waswidi gädda, na Waingereza humwita paiki. Hana jina katika lugha yetu, kwa kuwa hayumo katika maji yetu. Sisi tutamwita paiki. Atakayetaka kumfananisha na amfikirie mzia: mwili mrefu kama gogo, mdomo mpana uliobapa mfano wa mdomo wa bata, na meno ambayo mtu huyaona mara moja tu kabla ya kujifunza adabu. Rangi yake ni ya kijani yenye madoa meupe, kama jua lipenyalo kwenye majani ya maji. Pezi la mgongoni na pezi la tumboni yamerudi nyuma kabisa karibu na mkia, na hapo ndipo ilipo siri yake. Paiki hafukuzi. Hukaa kimya pembeni mwa majani au katika kivuli cha gati, kisha hujirusha mara moja kama mshale, na samaki mdogo aliyekuwa akipita hayupo tena. Majike ndio wakubwa. Jike aweza kupita mita moja na uzito wa kilo 10, na dume hafikii kimo hicho.

Tulimwuliza mzee kwa nini amechagua baridi kama ile, iliyokuwa ikitutoa machozi. Akatujibu kwamba wakati wa joto paiki wametawanyika kila mahali na mji umejaa mashua za watalii, lakini maji yanapopoa samaki wadogo hukusanyika penye kina na utulivu, katika pembe za bandari na chini ya magati, na paiki huwafuata. Mkondo wenye kasi, alisema, ni wa samoni. Paiki hataki kuchoka bure. Kwa hiyo mtu wa mshipi hana haja ya mashua. Ana haja ya viatu vizuri.

Uvuvi wenyewe wa maji ya baridi ni somo la subira. Damu ya samaki hufuata joto la maji, na maji yakishuka mpaka nyuzi 4 au 5 mwili wa paiki hufanya kazi polepole. Mlo mmoja humtosha siku nyingi, wala hatakwenda mbali kuutafuta. Chambo kinachopita haraka hakimhusu. Mzee alikuwa na samaki wa bandia wa mpira, mrefu kama kiganja, mwenye ndoana mbili. Alimrusha mbali, akamwacha azame mpaka karibu na sakafu, kisha akamvuta kwa mizunguko miwili mitatu ya gurudumu la mshipi, akanyamaza. Akahesabu. Akavuta tena, akanyamaza tena. Alituambia kwamba mara nyingi paiki hushika wakati chambo kimetulia, na dalili yake si kishindo bali ni uzito, kama mtu aliyeweka mkono juu ya mshipi. Katika kila mahali alirusha mara kumi na tano au ishirini kwa kuzungusha mwelekeo, kama mtu afagiaye ua, halafu akasogea hatua kumi. Baina ya mshipi na chambo palikuwa na kipande cha waya, kwa kuwa meno ya paiki hukata mshipi wa kawaida kwa dakika, na samaki aendaye na ndoana kinywani ni hasara ya wote wawili. Maji yaliyopanda na mshipi yaliganda katika pete za fimbo, naye aliizamisha ncha ya fimbo mtoni mara kwa mara ili barafu iyeyuke. Wavuvi wetu wa usiku wanaolalamikia upepo wa kusi tungependa waione kazi hiyo kwa nusu saa.

Kabla ya saa sita mchana alipata wawili. Wa kwanza alikuwa dume mwembamba. Wa pili alikuwa jike, mrefu kupita urefu wa mkono wa mtu, tumbo lake limeanza kujaa mayai ya masika yajayo. Mzee alimwingiza katika wavu wa mkono, akamwacha majini ndani ya wavu huo, akachukua koleo ndefu akaichomoa ndoana. Hakumlaza juu ya mawe. Alitueleza kwamba juu ya mawe yaliyoganda utelezi wa ngozi hutoka, na katika baridi kali mashavu ya samaki yenyewe huganda. Akamshika chini ya tumbo, akangoja, mpaka jike lile lilipojitikisa na kuzama. Dume alimtia mfukoni.

Hapo hatukukubali upesi. Kwetu sisi samaki mkubwa ndiye atakiwaye, na mdogo ndiye arudishwaye. Tena kuvua samaki kisha kumwachia kwa hiari ni jambo ambalo wengi wa visiwani hulitaja kwa kicheko. Lakini hesabu iliyo nyuma ya kitendo kile ni ya kweli. Jike kubwa hutaga mayai mengi kupita jike dogo, na mayai yake ni bora. Kwa hiyo serikali ya Sweden iliweka kwa pwani yake ya Baltiki kanuni ya mipaka miwili: mvuvi wa mshipi asichukue paiki aliye chini ya sentimita 40, wala asichukue aliyepita sentimita 75, na kwa siku asizidishe samaki watatu. Mdogo anaachwa akue, mkubwa anaachwa azae, na chungu hupata wa katikati.

Hata hivyo hata huyo wa katikati haliwi kila siku. Mamlaka ya chakula ya nchi ile huwashauri wanawake wenye mimba, wanaonyonyesha na wanaotarajia kupata mimba wasile paiki ila mara mbili au tatu tu kwa mwaka, kwa sababu ya zebaki iliyomo katika nyama yake. Zebaki hiyo ilitoka viwandani, ikaenea kwa hewa na maji, na samaki alaye wenzake huikusanya mwilini. Mtu aweza kusafisha maji kwa miaka 20. Sumu iliyokwisha kulala katika tope hungoja zaidi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tumechoka kusikia ikisemwa kwamba viwanda vije kwanza na bahari itajisafisha yenyewe.

Stockholm nao uliwahi kuiamini kauli hiyo. Katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20 maji ya katikati ya mji yalikuwa machafu hata kuoga kukapigwa marufuku. Taka za vyoo na za viwanda zilimwagwa papo hapo penye haki ya mwaka 1636. Haki ilikuwapo katika karatasi, samaki wakipungua majini. Mji ukajenga mitambo ya kusafisha maji taka: Bromma mwaka 1934, kisha Henriksdal mwaka 1941, huu wa pili ukichimbwa ndani ya mwamba chini ya mji. Miaka ya 1970 ikaongezwa kazi ya kuondoa fosfori, ambayo ndiyo irutubishayo magugu na kuyafanya maji yawe kijani. Leo watu huogelea karibu na ofisi zao, na paiki huvuliwa palepale. Gharama haikuwa ndogo, na waliolipa ni wenyeji kwa kodi zao.

Sasa tufike kwenye upande wa pili. Nje ya mji, kwa karne nyingi, samaki wa pwani ya mashariki ya Sweden walikuwa mali ya wenye ardhi. Aliyemiliki shamba lililogusa bahari alimiliki na uvuvi ulio mbele yake, na mtu wa mji mwenye fimbo alikuwa mgeni au mwizi. Mwaka 1985 Bunge lilikata shauri kwamba uvuvi wa mshipi wa mkono uwe huru kwa kila mtu katika pwani yote ya nchi na katika maziwa matano makubwa. Mipaka iliwekwa: uwe uvuvi usiolazimu mashua, wala ndoana zisizidi kumi. Nyavu na mitego zikabaki kwa wenyewe. Wenye ardhi walipiga kelele, wakisema wananyang'anywa, na sheria ikatengwa ya kuwafidia waliopoteza pato lao. Miaka kumi kabla ya hapo, yaani 1975, ulinzi wa kingo za maji ulikuwa umekwisha kuenezwa nchi nzima, kwamba kwa kawaida mtu asijenge ndani ya mita 100 toka ufukoni. Kwa hiyo sheria moja ilimpa raia njia ya kufika majini, na nyingine ikampa ruhusa ya kuvua akishafika. Moja pasipo nyenzake ingekuwa nusu ya haki, na hapo tunawasifu watunga sheria wao bila ya kusita.

Lakini tangu miaka ya 1990 paiki wamepungua katika sehemu nyingi za pwani ile, hasa katika visiwa vya nje vilivyo wazi kwa bahari. Wenye ardhi wakasema: tuliwaambia. Wavuvi wa mshipi wakawatupia lawama sili na ndege mnandi, ambao idadi yao imeongezeka sana. Wapo waliowataja wenye nyavu. Wataalamu wanaeleza kwamba yupo pia samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni, ambaye zamani paiki walikuwa wakimla. Sasa amekuwa mwingi kupita kiasi, na kila masika huingia katika ghuba kwa makundi akala mayai na vitoto vya paiki. Mwindwa amegeuka mwindaji. Nasi tunadhani kila mmoja wa walalamikaji hawa ana sehemu yake ya ukweli, na ndiyo maana hakuna aliyekubali kuanza kulipa.

Chini ya lawama zote hizo ipo sababu ambayo haikupigiwa kelele, kwa kuwa waliohusika wamekwisha kufa na waliifanya kwa nia njema. Paiki hazai katika kina. Wakati wa masika, barafu ikiyeyuka, huingia katika vijito na mabonde yaliyofurika, penye maji ya goti na majani ya mwaka jana, akabandika mayai yake juu ya majani hayo. Hata baadhi ya paiki waishio baharini hupanda vijito vilevile walimozaliwa, mwaka baada ya mwaka. Na mabonde hayo ndiyo yaliyokaushwa, katika karne ya 19 na ya 20, ili walime ngano na shayiri. Mifereji ilinyooshwa, vijito vikatiwa ndani ya mabomba, barabara zikapita juu. Chakula kiliongezeka, hatusemi hakikuongezeka. Lakini jike lililorudi kijitoni mwezi wa Aprili lilikuta ukuta.

Tiba iliyopatikana ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Chama cha wavuvi wa mshipi wa Sweden, kiitwacho Sportfiskarna, pamoja na halmashauri za wilaya na wakulima walioridhia, wamekuwa wakiyarudisha maji katika mabonde hayo. Huzibwa mfereji, hujengwa kizuizi kidogo cha udongo na mawe, maji yakafurika wakati wa masika na kupungua kiangazi, ng'ombe wakala majani yasizidi. Waswidi wanayaita mabonde hayo viwanda vya paiki, na jina limewafaa, kwani bonde dogo lisilofikia ukubwa wa shamba la kawaida laweza kutoa vitoto kwa maelfu mengi katika msimu mmoja. Pamoja na hayo, ghuba kadhaa hufungwa kwa uvuvi toka Aprili hadi katikati ya Juni ili wazazi wasisumbuliwe. Bado haijawa ushindi. Katika visiwa vya nje paiki hawajarudi kama zamani, na mabishano juu ya sili na mnandi yanaendelea magazetini mwao. Walau wameacha kubishana kwa mikono mitupu.

Msomaji atauliza mambo ya nchi ya barafu yatufae nini sisi. Hatupendekezi mtu alete paiki. Yaliyotokea katika Ziwa Viktoria baada ya sangara kuingizwa miaka ya 1950 na 1960 yanatutosha. Wala Sweden si mgeni katika elimu ya bahari yetu. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipata kwa miaka mingi msaada wa utafiti kutoka huko, na vijana wetu wamesomea katika vyuo vyao. Tunayoyauliza ni mawili tu, nayo tunayaelekeza kwa wenye mamlaka.

La kwanza ni njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, na kwa hiyo inawahusu ndugu zetu wa Mafia, inataja mita 60 toka ukingo wa bahari ambamo shughuli za watu zimewekewa mipaka. Namba hiyo ni nzuri kuisoma. Lakini mwanamke aendaye kuchokoa pweza, au mtoto mwenye mshipi na ndoana moja, hafiki pwani kwa namba; hufika kwa kichochoro. Kichochoro kikizibwa kwa ukuta wa nyumba ya wageni, mita 60 zilizo mbele ya ukuta ni za wageni. Tungependa kila halmashauri iwe na orodha ya vichochoro viendavyo pwani, iliyoandikwa na kubandikwa ambapo watu huiona, kabla ya kiwanja kingine kugawiwa.

La pili ni mazalia. Mikoko yetu ndiyo mabonde yetu yaliyofurika. Humo hujificha vitoto vya kamba na vya samaki wengi tuwavuao baadaye nje. Wavuvi wa Kisiwa Panza, kule Pemba, wamekwisha kuonyesha kwamba watu wa kawaida waweza kufunga mwamba kwa miezi kadhaa, wakakubaliana siku ya kuufungua, na wakavuna pweza wakubwa kupita waliowazoea. Elimu hiyo haikutoka Ulaya. Kinachohitajiwa ni kuwa wahandisi wa barabara, wapimaji wa viwanja na watoaji wa vibali vya kukata miti waijue mikondo ya maji kama wavuvi wanavyoijua.

Kabla ya kuondoka tulipelekwa nje ya mji kukitazama kimoja cha viwanda vile vya paiki. Hapakuwa na cha kuona: nyasi zilizokufa, maji meusi yenye utando wa barafu, na kizuizi cha mawe kifikacho magotini. Kijito kilipita chini ya barabara ndani ya kalvati moja. Mwenyeji wetu, mtumishi wa halmashauri, aliinama akachomoa tawi lililokuwa limekwama mdomoni mwa kalvati, akalitupa pembeni, akafuta mikono kwa suruali. Alisema wamo katika zamu, watu wanne, na kila mmoja hupita hapo mara moja kwa juma toka Machi, kwa kuwa tawi moja na majani yake vyatosha kuwazuia paiki wote wa kijito kile.